Magari Mawili Uani

Hasira ilimpanda mshonaji kabla hajavaa kiatu cha pili. Gari lao la zamani, lile baba yao alilolinunua yeye hajazaliwa, lilikuwa limegeuzwa. Betri yake ilikuwa imechoka, ndiyo maana kila jioni huegeshwa likitazama mteremko. Asubuhi ukilisukuma kidogo tu, linanguruma. Nyumba nzima inajua. Sasa pua imeelekea ukutani, na nyuma limezibwa na gari la kaka yake, changa kwa miaka ishirini, lenye gia za kujibadilisha zenyewe.

"Nani kaligeuza?"

"Mimi. Lilikuwa limekaa vibaya," kaka yake akasema, akining'iniza funguo. "Baba ataenda na langu. Langu lina kompyuta, dada. Lako lina kutu."

Akaingia, akawasha. Kimya. Usiku alisahau kuzima taa, na gia zilikuwa zimejifunga. Bila umeme gari lile halisukumiki hata shubiri moja.

Baba, dereva mstaafu, alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma cha gari la zamani, shati limepigwa pasi. Jicho moja lilishakufa. La pili lilikuwa lipasuliwe asubuhi ile na daktari mgeni ambaye kesho yake anaondoka.

Jirani yao muuza maziwa alisimamisha gari lake getini. "Nimpeleke mzee?"

"Asante, tuna magari mawili!" wakajibu kwa pamoja. Tangu wafungue macho, hilo tu ndilo walilokubaliana.

Muuza maziwa akaenda zake, na pale uani moto ukawaka.

"Debe tupu haliachi kuvuma," mshonaji akafoka, "lako hata kuvuma halivumi!"

"Lako je? Linakunywa mafuta kama limefiwa!"

"Lakini lingewaka! Nani kaligeuza?"

Kaka akalisifu lake, dada akalitetea lake, mwaka kwa mwaka, boliti kwa boliti. Jua likapanda. Hakuna aliyekumbuka kutazama kiti cha nyuma mpaka mlango ulipobamizwa.

Baba alikuwa anapapasa ukuta kuelekea getini.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Hospitali. Miguu yangu ni ya zamani kuliko hayo yote mawili, na inawaka."

Kaka akakimbilia kumshika. "Wewe baki," baba akamwambia. "Linda magari."

Mshonaji alimfuata, akamshika kiwiko. Baba hakukitoa.

Hospitali, muuguzi alitikisa kichwa: nafasi alishapewa mwingine, na daktari angerudi mwakani. "Mlikosa usafiri?"

Mshonaji alifungua kinywa amtaje kaka yake. Akalikumbuka gari la maziwa likiondoka getini, na sauti yake mwenyewe ikijibu. Alichukia hata kuisikia.

"Hapana," baba akajibu kwa niaba yake. "Tuna magari mawili."