Waya Uliodanganya Mita

Gari la hospitali lililobeba wagonjwa wa figo lilikuwa na namba zake na rangi yake ya heshima, lakini wagonjwa wenyewe waliliita Bibi Harusi. Hawakuliita hivyo kwa uzuri. Kila lilipofika kwenye mlima wa hospitali lilianza kujikokota kwa madaha, moshi mweusi ukiburuzika nyuma kama shela iliyokosewa rangi, na nyuma ya moshi msururu mrefu wa magari ukipiga honi.

"Twende taratibu tu, dereva," alikuwa akisema Mwalimu, mama mstaafu ambaye siku zote alikaa kiti cha nyuma yake. "Bwana harusi hatakimbia."

Gari zima lilicheka, na dereva alicheka nao, ila jicho lake lilikuwa kwenye saa. Huko juu mashine za kusafisha damu zilikwenda kwa zamu, na aliyechelewa zamu yake alipunguziwa muda. Yeye alikuwa ameshika usukani wa gari hilo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kumwacha mtu njiani. Sasa kila akiuona mlima alianza kuhesabu dakika.

Si kwamba alikaa tu. Gereji ya kwanza walimwambia ni vali ya kurudisha moshi. Walimweleza kwamba vali hiyo huurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili uungue tena na usichafue hewa, na gari linapopanda mlima inapaswa kujifunga ili injini ivute hewa safi. Yake ilikuwa haijifungi, kwa hiyo injini ilikuwa ikipumua pumzi yake yenyewe. Wakaweka vali mpya. Bibi Harusi akapanda mlima kama kijana kwa siku chache, kisha akarudia mchezo wake. Gereji ya pili nao wakasema ni vali, wakaweka nyingine. Mambo yakawa yaleyale, na ile taa ya injini kwenye dashibodi ikaendelea kumkodolea macho.

Mwishowe mkuu wa usafiri wa hospitali alimwita pembeni. "Mzee, gari hili limekula chumvi nyingi. Tuliache lipumzike."

Kupumzika maana yake ni mnada. Na dereva alijua hospitali haikuwa na gari jingine la kuwapandisha wagonjwa baada ya hapo.

Alikuwepo fundi mmoja ambaye dereva hakuwa amemwendea, naye aliishi chini ya paa lake. Alikuwa mkwe wake, mke wa kitinda mimba wake aliyekuwa kazini mji mwingine. Mkwe huyu alikuwa fundi umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Watu walitoka mbali kumletea magari yaliyoshindikana, na baba mkwe wake aliyaona yakiingia yakivutwa kwa kamba na kutoka yakinguruma.

Hakumdharau hata kidogo. Ilikuwa ni haya. Kwake yeye mkwe ni mtu wa kupishana naye mlangoni kwa adabu, wa kujuliana hali na kuulizana habari za watoto. Amlaze chini ya gari, avae grisi hadi masikioni, yeye baba mtu amesimama anatazama? Aliona atakuwa amemvunjia heshima, na yake mwenyewe pia. Mkwe naye, kwa adabu hiyohiyo, hakuuliza kitu. Kila asubuhi aliupita ule mkebe mkubwa uani, Bibi Harusi aliyelazwa hapo kila usiku, akiutazama kama daktari anayempita mgonjwa asiye wake.

Aliyekata mzizi wa fitina alikuwa mke wa dereva. "Unazunguka dunia na ndoo kichwani, kisima kiko uani," alimwambia wakati wa chai. "Usiponena wewe leo, nitanena mimi."

Basi Jumamosi hiyo, siku ambayo wagonjwa hawana zamu, dereva alikwenda hadi mlango wa karakana akakohoa.

"Mwanangu, kuna mgonjwa."

Cheche aliweka chini alichokuwa nacho, akajipangusa mikono. "Bibi Harusi?"

"Kumbe jina limefika hadi huku."

"Jina lilitangulia, baba. Gari ndilo lililochelewa."

Dereva alicheka kabla hajajizuia, na haya zikapungua kidogo.

Alidhani Cheche atafungua boneti moja kwa moja. Badala yake mkwe alivuta vigoda viwili akaanza kumhoji. Likiwa la baridi linakuwaje? Likipata joto? Likiwa tupu? Moshi unaanza kabla ya nguvu kupungua au baada? Dereva alijibu swali moja baada ya jingine, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyogundua kwamba alikuwa akiyajua mambo mengi ya gari lake bila kujua kwamba anayajua. Likiwa tupu halikuwa na neno. Likiwa la baridi hivyohivyo. Lilisumbua likiwa limejaa watu, injini imepata joto, na mlima umeanza.

Cheche alichomeka kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari. "Inasema vali haifiki inakoamriwa."

"Si ndiyo hiyo waliyoibadilisha?"

"Ndiyo. Lakini kompyuta inachojua ni kwamba aliyetumwa hakufika, baba. Haijui kama ni mvivu au amefungwa miguu."

Alichomoa soketi ya vali, akaikuta pini moja ina kutu ya kijani. Uso wake ukang'aa. Akaisafisha, akairudisha, akasema wakalijaribu mlimani. Ila gari tupu lisingewaambia kitu, na abiria hakuna. Akavuka barabara hadi kwa jirani aliyekuwa akijenga, akaazima mifuko ya mchanga, na vijana wa ujenzi wakaipakia kwenye viti vya wagonjwa, kila kiti mfuko wake. Dereva aliingia, akatazama kioo cha nyuma, akaona mifuko imekaa kimya kwa adabu kuliko abiria wowote aliowahi kuwabeba.

Walizunguka mjini hadi injini ikapata joto, kisha wakaushika mlima. Kwenye kona ya katikati, injini ikalegea. Moshi ukatanda nyuma.

Dereva hakutaka kumwaibisha mtoto wa watu. Alikuwa ameshaanza kutafuta la kusingizia, labda mafuta, labda mchanga umezidi uzito, pale Cheche aliposema:

"Nimekosea. Kutu ilikuwepo kweli, lakini siyo inayotuua. Geuza, turudi."

Alisema vilevile kama mtu angesema nipe spana. Dereva alikuwa ameona mafundi wengi maishani. Alikuwa amesikia lawama zikitupiwa barabara, hali ya hewa, na hasa dereva. Neno hilo "nimekosea" lilikuwa halijawahi kumfikia masikioni kutoka chini ya boneti yoyote. Aligeuza gari polepole akimtazama mkwe wake kwa jicho la pembeni.

Uani Cheche alianza upya tangu mwanzo. Alipima kwa mita yake ya umeme waya unaoipelekea vali nguvu ya kujisogeza. Mita ikaonyesha umeme kamili, sawa na wa betri.

"Umefika wote," alisema dereva, ambaye kusoma mita alikuwa anakujua.

"Umefika, lakini umekuja mikono mitupu. Hebu tuubebeshe mzigo tuone."

Alichukua balbu ya taa kubwa ya mbele. Upande mmoja aliuunga na waya ule, upande wa pili akaupeleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri ili asije akausingizia waya mwingine. Balbu ikawaka nyekundu, dhaifu, kama jicho la mtu aliyekosa usingizi. Kisha akaiunga balbu ileile kwenye betri yenyewe. Ikamulika uani kote hadi kuku wakasogea.

"Bomba likiwa limeziba ndani," Cheche alisema, "ukifunga koki, presha inasoma vizuri tu. Fungua koki ndipo utajua maji hayatoshi. Vali ikitaka kujifunga kwa nguvu, umeme unaishia njiani."

"Kwa hiyo vali zote mbili zilikuwa nzima."

"Ya kwanza ya zamani nayo ilikuwa nzima, nadhani. Maskini. Sasa baba, wewe nitazamie taa."

Hivyo ndivyo dereva alivyojikuta amechuchumaa mbele ya balbu iliyorudishwa kwenye ule waya, kazi yake ni kuitazama, huku mkwe wake amelala juu ya injini, mkono umezama hadi begani, anaufuata ule mkanda wa nyaya kwa vidole. Aliukunja kidogo, akasikiliza, akasogea. Akaukunja tena. Hakuwa na haraka. Alifumba macho kabisa, maana huko nyuma ya injini macho hayakuwa na kazi.

"Imezima," dereva alisema ghafla.

"Sasa?"

"Imewaka."

"Sasa?"

"Imezima tena."

Cheche alifumbua macho, akatabasamu peke yake. Ilikuwa pale mkanda wa nyaya unapopinda juu ya chuma, karibu na bomba la moshi. Kwa nje ngozi ya waya ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini alipoipasua kwa wembe, ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote. Zilizobaki zimeshikilia zilikuwa mbili.

"Hizi ndizo zilizokuwa zikiidanganya mita," alisema. "Kubeba habari zinaweza, kubeba mzigo hapana. Na gari likijaa, injini ikajivuta kwa nguvu, inauvuta na waya. Joto nalo linaulegeza."

Dereva aliangalia zile nyuzi mbili. Yote aliyoyasema kwenye kigoda, joto, uzito, mlima, yalikuwa yamekaa pale kwenye kipande kifupi kuliko kidole chake.

Alitazamia kwamba sasa mkwe atausokota na kuufunga utepe, basi. Cheche alikata waya hadi alipoikuta shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya kirefu kidogo ili usivutwe, akapaunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akauvisha ngozi mpya, na mkanda wote akauhamisha mbali na kile chuma. Kisha akapasua ngozi ya waya uliolala kando yake, akaikuta shaba imeanza kuchakaa, nao akautengeneza.

"Huo si mzima?" dereva aliuliza.

"Bado mzima. Lakini umelala kitanda kimoja na mgonjwa."

Walipopanda mlima kwa mara ya pili na mifuko yao ya mchanga, walipita ile kona na dereva akasahau kupandisha gia, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umezoea gari linaloomba msaada. Hakukuwa na moshi. Taa ya dashibodi, ambayo Cheche alikuwa ameizima kwa kifaa chake, ilibaki imelala. Cheche alikuwa akitazama kifaa chake, si barabara, na midomo yake ikihesabu kitu.

"Inafika," alisema. "Kila inapoamriwa, inafika."

Waliporudi, dereva aliegesha gari. Akaingia ndani, akatoka na birika la maji ya uvuguvugu na sabuni, akasimama mbele ya mkwe wake. Cheche alisita, maana baba mkwe hamnawishi mkwe wake.

"Leta mikono, mwanangu," alisema mzee. "Mikono kama hii haijinawishi yenyewe."

Akammwagia taratibu hadi maji yakatiririka meupe. Mkewe aliwaona kutoka dirishani, akarudi kwenye shughuli zake.

Jumatatu gari lilijaa. Lilipovuka kona, Mwalimu aliinamia mbele.

"Leo sisikii honi. Umempata fundi wapi?"

"Nyumbani kwangu. Ni mkwe wangu."

Mwalimu alimgusa bega. "Yuko nyumbani kwako, na sisi umetuzungusha gereji za watu?"

"Nilikuwa namwonea haya."

"Haya za nini?"

Dereva alifikiri huku akiendesha. "Nilidhani namtunzia heshima yake. Kumbe heshima yake iko kule kwenye injini, na nilikuwa namzuia kuifikia." Kisha akaanza kuwasimulia habari ya balbu, na nyuzi mbili, na vidole vilivyotafuta huku macho yamefumbwa, na alisimulia kwa mikono hadi Mwalimu akamwomba aurudishe angalau mmoja kwenye usukani.

Walifika wodini mapema kiasi kwamba mashine zilikuwa bado zinaandaliwa. Muuguzi aliwaonyesha mabenchi ya ukumbini wasubiri. Wakaketi wote wakitazamana, na Mwalimu, akiwa ameweka mkoba magotini, akaanza kulalamika kwamba hospitali hii haijali muda wa watu.