Kome Hawamo kwenye Mwongozo

Kazini walimwita Mama Kome, na mwanzoni alicheka nao. Siku hizi jina lilimkera. Utani wa watu wasiotaka kukusikiliza una tofauti gani na tusi?

Alikuwa mpimaji wa maji katika maabara ya mji, chumba chenye sinki lililoziba na friji inayonguruma. Kila wiki alipima chupa za maji ya mto, na kila wiki zilifaulu. Lakini chupa ina habari za dakika ile ilipochotwa tu. Kome wa mtoni, yule wa magamba mawili, hahami. Amejichimbia mchangani, anavuta maji na kuyachuja kutwa kucha, na uchafu uliopita jana bado anao tumboni. Basi akaokota kome chini ya bomba la majitaka la hospitali, akawapasua, akaotesha bakteria wao kwenye visahani, kisha akaweka juu vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa ikifanya kazi, pembeni yake hubaki duara tupu. Hapa bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa dawa, raha mustarehe. Sugu kabisa.

Akampelekea bosi visahani.

“Maji yamefaulu, hayakufaulu?” bosi aliuliza, macho kwenye simu.

“Yamefaulu. Ila kome...”

“Kome hawamo kwenye mwongozo. Mwongozo unasema maji. Nani anaoga kome?”

Wenzake wakaangua kicheko.

“Basi simamisha lile tangazo la kwamba maji ni salama, bosi, mpaka tuhakikishe.”

“Tangazo lisimame kwa sababu ya supu yako? Hebu nipishe, nina kikao.”

Alitoka akiubamiza mlango. Tangazo hilo lilizungushwa mitaani na gari la ofisi, likisema maji ya mto ni salama kwa kuoga na kufua. Na nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, aliyechanwa mguu na bati. Kidonda kilikuwa kimegoma kupona. Daktari alishabadilisha dawa, akabadilisha tena, na sasa alikuwa ameanza kuzungumzia kuukata mguu.

Alimkuta mama uani, mguu ndani ya beseni.

“Mama! Hayo maji ya wapi?”

“Ya mtoni. Bomba limekauka tangu jana, nifanyeje?”

“Yana wadudu wasiosikia dawa! Ndiyo maana huponi!”

“Nani kasema?”

“Nimesema mimi! Nimewaona kwa macho yangu!”

Mama akamtazama kwa mshangao. “Mbona asubuhi umepita hapa ukisema ni salama?”

Gari la ofisi lilikuwa linarudi. “Wakazi wote mnatangaziwa, maji ya mto wetu ni salama...” Sauti ilikuwa yake, tamu na changa, waliyomrekodi alipoajiriwa. Alijivuna mtaa mzima siku ile.

“Si unasikia?” mama alisema. “Daktari mwenyewe simwamini kama ninavyokuamini wewe. Sasa nimsikilize yupi, mwanangu, wewe wa garini au wewe wa hapa?”

Alimwaga beseni, akakimbilia barabarani, akasimama mbele ya gari. Dereva akapiga honi. Majirani wakatoka milangoni na ndoo zao, na yeye akawapigia kelele wasiyaguse yale maji, wasiyaguse jamani, mpaka koo likamkauka. Waliona mdomo wake ukicheza. Walichosikia ni sauti yake ya garini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa na kipaza sauti.