Swali la Tisa

Karatasi ya maswali tisa ya kupima huzuni ilifika kliniki yetu ya watoto mwaka jana, na kazi ya kuisimamia nikapewa mimi, nesi wa mizani. Kila aliyetimiza miaka kumi na miwili nilimpima uzito, kisha akaketi peke yake nyuma ya pazia na kalamu. Mzazi alibaki kwenye benchi la nje.

Binti yule alikuwa na miaka kumi na minne. Aliletwa kwa ajili ya tumbo, mara ya nne tangu mwaka uanze, na vipimo vyote vilikuwa safi. Alishika kalamu bila kuandika.

"Mama atasoma?"

"Hapana, mdogo wangu. Hii ni yako, yangu na ya daktari. Andika ukweli."

Nilisema hivyo kwa kumhurumia. Maelekezo ya nyuma ya karatasi sikuwa nimeyasoma.

Akajaza. Swali la tisa linauliza ni mara ngapi umewaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo. Aliweka alama kwenye "karibu kila siku", akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Halafu akashusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Tumbo limepungua," akasema, akionekana kujishangaa mwenyewe.

Nilijumlisha alama: ishirini na mbili kati ya ishirini na saba. Nikampelekea daktari mezani kwake, upande wa pili wa pazia, binti akinifuata. Yeye akaitazama karatasi, akatazama foleni, akafungua mlango.

"Mama wa huyu binti, pita ndani." Kisha akanigeukia. "Ikizidi kumi na tano mzazi anaitwa. Imeandikwa hapo nyuma, nesi. Husomi?"

Mama akaingia na mkoba kwapani. Daktari akamsomea majibu yote tisa, mlango ukiwa nusu wazi, kwa sauti ileile anayotajia dozi ya dawa ya minyoo.

Mama alianza kwa kucheka. "Huyu? Huyu asiyetandika hata kitanda chake? Amechokeshwa na nini?" Akamgeukia bintiye. "Kwa hiyo mimi nakutesa. Sema, daktari asikie. Nakulaza njaa?"

"Hapana, mama."

"Nakupiga?"

"Hapana."

"Basi unataka kufa kwa shibe."

Benchi la nje likacheka. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akasema, "Watoto wa siku hizi, ukiwanyima simu tu wanakata roho." Wakacheka tena. Mama naye alicheka, ila zipu ya mkoba aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

Binti hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. La kusema nilikuwa nalo, tena lilishafika mdomoni. Nikainama nikarekebisha mizani, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Daktari akamwandikia vitamini, arudi baada ya wiki sita.

Alirudi. Alikuwa amepungua kilo tatu, na amevaa sweta la mikono mirefu katika joto lile. Nikamwomba alivue nimpime.

"Nipime nalo."

Nikampa karatasi. Kabla sijamaliza kuvuta pazia alikuwa ameshajaza: "sijawahi" mara tisa, alama zimeshuka mstari mmoja kama zimepigiwa rula.

"Mdogo wangu," nikanong'ona, "hii ya leo simpelekei mtu. Niambie mimi tu."

"Mimi ni mzima, nesi," akasema kwa adabu, kama anayemjibu mgeni wa wazazi wake.

Nje, mama yake alikuwa akimweleza jirani wa benchi kwamba alimkanya mara moja tu, akanyooka.

Daktari alifurahi. Ishirini na mbili hadi sifuri ndani ya wiki sita. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi, kwa hiyo akaniagiza nibandike karatasi zote mbili ubaoni, jina nilifunike.

Nikakata plasta nyeupe, nikafunika jina kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Daktari akasogea kuangalia.

"Na hilo tundu pale kwenye la tisa," akasema, "lizibe. Linachafua karatasi."

Nikakata kipande kingine cha plasta, nikaliziba.