Boneti Haifunguliwi Barabarani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na saba, na tangu alipostaafu hajaona kosa lolote lisilokuwa la mtu mwingine. Watu wote humwita Mkaguzi, hata mkewe akikasirika. Ana gari moja jeusi, linalokaribia umri wa ndoa yake, na hulipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Kwa miaka sita gari hilo lilikuwa na kasoro moja. Likiwa baridi, liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Likienda robo saa, kisha likazimwa kwa dakika kumi, halikuwaka tena. Injini ilikohoa kama mzee aliyepaliwa, basi. Ukiliacha dakika arobaini lipoe, liliwaka kana kwamba halikutenda neno.

Mtu mwingine angefungua boneti papo hapo na kutazama. Mkaguzi alikuwa na kanuni yake: boneti haifunguliwi barabarani. Gari la mtu wa heshima, alisema, halipasuliwi tumbo mbele ya wapita njia. Kwa hiyo lilipogoma alivaa miwani, akakunjua gazeti na kusoma nyuma ya usukani, kana kwamba amepachagua mahali pale kwa utulivu wake. Akiulizwa, hujibu, "Napunga upepo." Alipunga upepo mbele ya posta, akapunga mbele ya benki, na siku moja alipunga katikati ya njia panda huku malori yakimpigia honi pande zote nne. Nami niliyeketi kando yake, niliyefunzwa na wamisionari kwamba uongo mdogo ni uongo, nilikuwa nikiitikia, "Naam, tunapunga upepo."

Mafundi waliitwa nyumbani. Lakini Mkaguzi hakukubali fundi aliguse gari kabla halijaoshwa, wala halikuoshwa kabla halijapoa. Fundi wa kwanza alilikuta baridi, likawaka mara moja, akabadilisha plagi. Wa pili alilikuta baridi, likawaka mara moja, akabadilisha betri. Wa tatu, aliyejiita Daktari na kuvaa koti jeupe lenye madoa ya mafuta, alitega sikio juu ya injini, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba kabureta imechoka rohoni. Wote watatu waliagwa kwa shukrani. Wote watatu walitibu ugonjwa ambao hawakuuona.

Binti yao wa mwisho, ambaye ni fundi wa maabara hospitalini, alimweleza babaye jambo hilo barazani, mbele yangu.

"Baba, mtu mwenye homa ya jioni hapimwi asubuhi. Nipe gari likiwa moto nilitazame."

"Wewe kapime mikojo," alijibu Mkaguzi. "Injini ina adabu zake."

"Mikojo haijaniacha njiani hata siku moja, Baba."

Dada yangu, aliyekuwa akimwagilia maua, alicheka hata akasahau mkono. Chungu kikafurika, maji yakajaa katika kibati kilichowekwa chini yake, kibati kilichopinda chenye matundu mawili, yakachuruzika hadi katika viatu vyangu vya Jumapili. Nakikumbuka kibati hicho kwa sababu ya viatu.

Kisha binti akachumbiwa, na Mkaguzi akala kiapo kwamba mwanawe hatafika kanisani kwa gari jingine. Mchungaji wetu ni mtu wa saa. Ndoa ilikuwa saa nne kamili na nyingine zilifuata nyuma yake. Atakayechelewa, alionya, atangoja hadi zote zimalizike, hata kama ni alasiri na wageni wamekwisha kutawanyika. Binti alimwomba babaye jambo moja tu: wakishaondoka nyumbani, wasisimame popote. Mkaguzi akaahidi.

Siku ilipofika gari liliwaka kwa mguso mmoja. Wenzetu wote walitangulia. Tulikuwa watatu: Mkaguzi kwenye usukani, mimi kando yake, bibi harusi nyuma na shela lake. Tulipofika mbele ya studio ya mpiga picha, Mkaguzi akaegesha na kuzima injini.

"Baba! Uliahidi!"

"Niliahidi kutosimama ovyo. Picha moja: baba, binti na gari. Dakika kumi."

Zilikuwa kumi na mbili, kwa kuwa Mkaguzi alitaka pia picha ya gari peke yake. Tuliporudi ndani ya gari ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa. Akazungusha tena, ikakohoa tena. Ndipo akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa gazeti.

Ng'ambo ya barabara madereva wa teksi waliacha soga zao.

"Mzee!" mmoja akapaza sauti. "Leo upepo unatoka wapi?"

"Mwacheni," akasema mwenzake. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na leo kilio kimevaa shela!"

Mkaguzi akafunua ukurasa wa pili. Kishikio cha kufungulia boneti kilikuwa chini ya usukani, karibu na goti lake. Hapakuwa na mtu awezaye kukivuta bila kumpanda mapajani. Bibi harusi alishuka, akakusanya gauni mkononi, akasimama dirishani.

"Baba, vuta kishikio."

"Barabarani?"

"Barabarani. Ama nipande teksi ile iliyofungwa mlango kwa kamba, nawe uje kanisani peke yako. Wakikuuliza bibi harusi yuko wapi, waambie anapunga upepo."

Nilitazama saa yangu. Zilibaki dakika ishirini, na miaka sita ya kuitikia kwangu ilikuwa imetosha.

"Shemeji," nikasema, "vuta."

Alilikunja gazeti mara nne, polepole, kama ripoti ya shule iliyofeli. Kisha nikasikia: kakh!

Binti aliinamia injini, nami nikamshikia shela. Kidole chake kilifuata bomba la petroli hadi lilipopita juu ya bomba la moshi, akakiondoa upesi.

"Petroli inachemkia humu, Mjomba. Inageuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Tazama hapa: skrubu mbili zimekaa bila kazi. Palikuwa na kitu cha kukinga joto."

Skrubu mbili. Nilitazama viatu vyangu.

"Kibati cha maua," nikasema.

Binti akageuka. "Baba, ulikitoa wewe?"

"Kilikuwa na kutu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kiliharibu sura ya injini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliipamba injini ambayo hakumruhusu mpita njia yeyote kuiona.

Dereva aliyetukejeli alikuja mbio na chupa ya maji. "Kinatakiwa kitambaa cha kulowesha, dada."

"Baba, lete gazeti."

"Sijalimaliza."

"Ni la mwezi uliopita, Baba!"

Akalitoa. Binti akalilowesha, akalizungushia bomba, akaendelea kulimwagia maji kidogo kidogo huku madereva wakihesabu dakika kwa sauti kubwa. Walipofika sita akasema, "Washa." Ikakohoa, ikasita, ikanguruma. Madereva walishangilia kuliko kwaya yetu.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika tatu. Mchungaji alivitazama vidole vyeusi vya bibi harusi, akamtazama Mkaguzi, akatangaza wimbo wa kwanza. Pete iliingia bila taabu. Mafuta ya gari husaidia.

Jumatatu kibati kilirudishwa penye skrubu zake, na dada yangu akahamishia chungu chake juu ya rundo la magazeti. Gari halijagoma tena. Hata hivyo juzi nilimkuta Mkaguzi mbele ya posta, ameketi nyuma ya usukani.

"Limegoma, shemeji?"

"Hata kidogo."

Boneti ilikuwa wazi hadi mwisho, na kibati kimepakwa rangi ya fedha.