Taa ya Mkanda

Jumanne saa mbili asubuhi, dereva Guylain aliingiza jipu la Bwana Maurice katika karakana ya Ferdinand, ng'ambo ya reli, akazima injini na kubaki ameketi, mikono juu ya usukani. Jipu lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi siku nne kabla. Ferdinand, fundi wa umeme wa magari, aliweka chini betri aliyokuwa akiifuta.

"Papa Ferdinand, toka batoke kuifanyia entretien, hii taa ya mukanda iko nawaka tu. Inalia ti-ti-ti mupaka kichwa inaniuma. Na nyuma hakuna muntu."

"Balibadilisha nini?"

"Mafuta, filtre, na ordinateur. Yake iliungua. Baliweka ya ile jipu nyekundu yenye iliangukaka mu Lualaba."

Ili aisome kompyuta hiyo ya gari, Ferdinand alichukua kipimo chake, ambacho mafundi wa Kamina hukiita valizi ingawa kinaingia mfukoni, akakichomeka chini ya usukani. Kioo kiliandika: kiti cha nyuma, abiria watatu, mikanda haijafungwa. Alifuata nyaya moja moja. Zilikuwa nzima. Akapiga magoti nyuma ili aifikie plagi iliyo chini ya kiti, na Émerence akainua miguu kumpisha.

"Wafwako," alisema Ferdinand, kama mtu anavyoshukuru kwa Kiluba bila kufikiri. Kisha akamtazama.

Émerence alikuwa mke wake. Alikuwa ameketi dirishani, kikapu cha samaki wakavu mapajani, kitenge kimelowa hadi magotini. Katikati aliketi mwalimu mzee wa Katoto, na upande wa pili mke wa askari wa base ya jeshi, mwenyewe bado binti mdogo, amelala.

"Umekonda, Baba Plamedi."

"Na weye umelowa."

"Ni maji ya Lualaba. Haikaukake."

Mwalimu aligeukia kando kwa adabu, apate kuwaacha waongee.

Émerence alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma kwenda Kabondo-Dianda kununua samaki. Mtaa mzima ulisema amekimbia na askari. Wenzake Plamedi, mtoto wao, walimtungia wimbo juu ya mama yake, hata mtoto akaacha kumtaja. Mara mbili, ilipofika tarehe mbili Novemba, siku ambayo majina ya marehemu husomwa kanisani, Ferdinand alipeleka jina la Émerence kwenye karatasi, na mara mbili padri alimrudishia kwa upole. Bila hati ya kifo angelisomaje? Huenda mtu yuko hai, na kumsoma ingekuwa kumtakia mabaya.

"Kwa nini habakuwaandika?" aliuliza Ferdinand.

Mwalimu ndiye aliyejibu. Jipu jekundu lilipovutwa kutoka majini, miili ilikuwa imechukuliwa na mto, lakini wao watatu walikuwa bado wameketi, nao walisikia kila kitu. Polisi alimwuliza Bwana Maurice, mwenye jipu hilo, lilibeba nini, naye akajibu kwamba lilikuwa tupu. Kwa wenye magari wa Kamina, gari tupu ni gari lisilo na magunia. Watu waliopandishwa njiani hawahesabiwi. Polisi akaandika tupu, na Bwana Maurice hakumsahihisha.

Ferdinand alimwomba Guylain awapeleke wote kwenye ofisi ya komini, ambako vifo huandikwa. Karani, jina lake Kalenga, alitoka nje, akawapa mkono wote watatu kupitia dirishani, akakausha kiganja kwenye suruali. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kumkata mtu maneno.

"Pole, bamama. Pole, mwalimu. Lakini mulikufia Bukama, na muntu anaandikwaka kwenye alikufia. Kule karatasi iko tayari, inasema tupu."

"Si unabaona?" aliuliza Ferdinand.

"Ninabaona muzuri," alisema Kalenga, akiwaonyesha fomu. "Formulaire njo haina fasi ya kuona."

Waliporudi karakanani walimkuta Bwana Maurice akiwangoja. Alifungua mlango wa nyuma, akavua kofia.

"Mama. Mwalimu. Bado muko?"

"Tuko," alisema mwalimu.

"Ferdinand, miye sina maneno mingi. Leo hii taa izimike. Ikikushinda, Chrispin wa ku garage yangu ataitoa hiyo ordinateur, aipige nyundo, aweke ingine."

Émerence alikishika kikapu chake kwa mikono miwili.

Ferdinand alikuwa tayari na bisibisi mkononi. Halafu aliirudisha bisibisi mahali pake, akaingia nyuma ya jipu. Alianza na mwalimu. Akamfungia mke wa askari mkanda bila kumwamsha, akamwekea kitambaa safi shingoni ili usimkwaruze. Mkewe akawa wa mwisho. Mkanda ulikizunguka kikapu kwa taabu, na Émerence akavuta tumbo ndani kumsaidia.

"Haikuminye?"

"Hapana. Umuambie Plamedi."

"Nitamuambia."

Taa ikazimika. Valizi ikaandika kwamba hakuna kosa. Bwana Maurice akatoa karatasi ya kazi, na Ferdinand akaandika alivyoambiwa: gari ni zima, viti vya nyuma ni tupu. Akatia sahihi.

Siku hiyohiyo, Plamedi alipotoka shuleni, Ferdinand alimwambia habari za mama yake. Mtoto alisikiliza, akauliza kama kuna karatasi.

Tarehe mbili Novemba Bwana Maurice alifika misani kwa jipu lake, likaegeshwa karibu kabisa na mlango, naye akaingia kanisani kukaa kiti cha mbele. Guylain alishusha kidogo kioo cha nyuma ili hewa iingie. Padri alisoma majina arobaini na moja, la Émerence halimo, na baada ya kila jina watu waliitikia: apumzike kwa amani. Ferdinand na Plamedi walikuwa benchi la mwisho. Kutoka nje waliisikia sauti ya Émerence ikiwaitikia marehemu wenzake, jina kwa jina, bila kuruka hata mmoja.