Nani Anafuta Matangazo ya Basotu?

Tangazo la kwanza lilipopotea kwenye tovuti, Gaudensia alijilaumu mwenyewe. Lililofuata akalaumu mtandao. Lakini yalipozidi kupotea, na yote yakawa ya Basotu, akaanza kumfikiria Nikolausi, na kila alivyozidi kumfikiria ndivyo alivyozidi kukosa raha.

Tovuti hiyo iliitwa Ng'ombe Wangu, na Gaudensia ndiye aliyeijenga. Alisomea kompyuta Arusha, akarudi Mbulu mjini na kupanga chumba nyuma ya duka la pembejeo. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe aliweka tangazo: picha, rangi, chapa, sikio lilivyokatwa. Wanunuzi minadani na wenye bucha walifungua simu zao na kuangalia kabla ya kununua. Ng'ombe wengi walikuwa wamerudi kwao kwa njia hiyo, na wezi walikuwa wameanza kuikwepa minada ya Hanang.

Nikolausi alikuwa wakala wa Basotu. Alisomea mifugo, alizaliwa katika boma la wafugaji karibu na ziwa, na alizunguka kwa pikipiki kukusanya habari za ng'ombe waliopotea na kuziweka kwenye tovuti kwa akaunti yake. Sasa alichokiweka leo, kesho hakipo. Mtu angeweza kuliona tangazo asubuhi akiwa kwenye chai, na mchana akakuta mahali pake ni peupe.

"Mimi sijagusa kitu," Nikolausi alimwambia kwenye simu. "Labda seva yako inaumwa."

"Seva ikiumwa inaumwa yote," Gaudensia alijibu. "Mbona matangazo ya Mbulu yapo? Ya Nambis yapo, ya Masieda yapo. Yako tu ndiyo yanaondoka."

Nikolausi akakata simu. Gaudensia aliona mtu asiye na hatia hakati simu hivyo.

Alibadilisha neno la siri la akaunti ya Nikolausi bila kumwambia, akampa jipya alipolalamika kuwa hawezi kuingia. Lakini hata kabla hajampa hilo jipya, matangazo yaliendelea kufutika. Badala ya jambo hilo kumtuliza, lilimtia hofu zaidi: basi huyu mtu ana mlango mwingine. Akapitia programu mstari kwa mstari, akaizima sehemu moja, akaiwasha, akazima nyingine. Hakuona kasoro. Mwishowe akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya wafugaji iliyosimamia tovuti.

Mzee Bura alikuwa amefanya biashara ya ng'ombe miaka mingi kabla ya kuwa mtu wa mashamba. Alimkaribisha barazani, akiwa amejifunga shuka juu ya koti kwa sababu ya baridi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona uso wako umebeba mzigo."

Gaudensia akaeleza. Hakutaja jina, lakini mzee Bura hakuhitaji kutajiwa.

"Wale watu wa kule chini Basotu," alisema polepole, "ng'ombe wa mwenzao kwao ni wa kwao. Kijana anafuta tangazo, ndugu zake wanampakia ng'ombe kwenye lori. Nilijua tangu mwanzo. Tuitishe kikao."

Maneno yale hayakumpendeza Gaudensia. Hata hivyo hakuyapinga, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kikao kilifanyika mchana kwenye ukumbi wa parokia. Nikolausi alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Mzee Bura akamwamuru aweke simu yake mezani, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayezuia panzi asiruke.

"Tangazo la mwisho uliweka lini?"

"Leo alfajiri. Dume la shangazi yangu."

Gaudensia alifungua tovuti kwenye laptop yake na kuwageuzia wajumbe waone. Dume lilikuwepo, jeusi, pembe moja imeinama. Wakaanza kubishana. Mmoja alitaka Nikolausi afukuzwe, mwingine alitaka apelekwe polisi kabisa. Nikolausi alijibu kila swali akiwa amesimama wima, sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Alipoulizwa kama ana neno la mwisho, alimtazama Gaudensia.

"Wewe unajua kompyuta. Waambie kama umeniona nikifuta."

Gaudensia akageukia laptop ili asikutane na macho yake. Akabonyeza kitufe cha kupakia ukurasa upya, mkono tu ukitafuta kazi ya kufanya. Dume jeusi halikuwepo.

"Limefutwa," alisema. "Sasa hivi. Na simu yake iko hapa mezani."

Mzee Bura hakuinua kiganja chake. "Basi ana wasaidizi," alisema. "Kikao kimefungwa. Kijana asimamishwe."

Nikolausi akachukua simu yake na kuondoka bila kuaga.

Tangu siku ile matangazo hayakufutika tena. Wajumbe walipigiana simu kupongezana. Gaudensia peke yake hakupongeza mtu. Bila shaka hayakufutika: hakuna aliyekuwa akiweka tangazo kwa akaunti ya Nikolausi. Huwezi kusema mwizi ameacha kuiba wakati duka limefungwa. Na lile dume jeusi liliondoka vipi?

Aliwaza hivi: matangazo yote hukaa kwenye ghala moja la data ndani ya seva, na ghala lina neno lake la siri. Ni programu tu zinazolijua, si watu. Kama kuna kitu kinaingia kwa mlango wa nyuma, kinatumia neno hilo. Basi alibadilishe, aiambie tovuti neno jipya, halafu asubiri kuona nani atapiga kelele kuwa mlango umefungwa.

Aliyepiga kelele alikuwa Oliva, rafiki yake, mwalimu huko Nambis.

"Gau, ile laptop yako ya zamani uliyonipa ya kutungia mitihani," alisema kwenye simu. "Leo nimeiwasha tu, imeniletea maandishi mekundu skrini nzima. Inasema imekataliwa kuingia. Kuingia wapi? Mimi naandika mtihani wa sayansi!"

Gaudensia aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Umeunganisha na intaneti ya simu yako?"

"Ndiyo, kama kawaida."

"Usiizime. Nakuja."

Alipofika Nambis alifungua faili la mipangilio ambalo hakuwa ameliona tangu aliposahau kwamba lipo. Laptop ile ndiyo aliyojengea tovuti mwanzoni. Ndani yake kulikuwa na programu ya majaribio iliyojiwasha yenyewe kila mashine ilipowaka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta matangazo yote ya mtu wa majaribio ili aanze upya. Wakati ule mtumiaji wa kwanza kusajiliwa alikuwa Nikolausi. Gaudensia alimtumia yeye kama mtu wa majaribio. Baadaye alitenganisha mazingira ya majaribio na tovuti halisi kwenye laptop mpya, lakini hii ya zamani aliitupa kabatini bila kuisafisha. Faili lake bado lilielekeza kwenye ghala la kweli. Ilipokuwa kabatini haikumdhuru mtu. Mwalimu Oliva alipoanza kuiwasha, kila mtihani aliouandika ulifagia matangazo ya Basotu.

"Nimeharibu kitu?" Oliva aliuliza.

"Hapana," Gaudensia alisema. "Mimi ndiye nimemharibu mtu."

Hakurudi nyumbani. Alipanda basi hadi Katesh, akachukua bodaboda hadi Basotu. Alimkuta Nikolausi akiogesha ndama kwa dawa ya kupe, mikono imelowa hadi viwikoni. Nikolausi hakumkaribisha kwenye kigoda. Gaudensia akaeleza akiwa amesimama, kuanzia laptop hadi faili, bila kujitetea. Mwisho akasema, "Nisamehe. Nakwenda kwa mzee Bura leo hii nimweleze kila kitu."

Nikolausi alimwachilia ndama, akajifuta mikono.

"Usimweleze mtu."

"Kwa nini? Jina lako—"

"Hiyo laptop inafuta ya kwangu tu, siyo?"

"Ya akaunti yako tu."

"Na maksai wa mzee Margwe je?"

Gaudensia alikumbuka. Margwe alikuwa mfugaji jirani yake Nikolausi, na maksai wake aliibwa wakati uleule matangazo yalipokuwa yakifutika. Tangazo lile nalo lilitoweka, na maksai hakuonekana tena.

"Lile hukuliweka wewe?"

"Aliliweka binti yake, Mary, kwa simu yake, kwa akaunti yake. Mimi nilikuwa Babati." Nikolausi alimkazia macho. "Nilitaka kulisema kwenye kikao. Nikaona mmeshanihukumu."

Hitilafu yake ilikuwa imefagia mengi, na katika vumbi lake kuna mtu mwenye akili timamu aliyepita na kufuta moja kwa mkono wake, akijua lawama itamwangukia nani. Zaidi ya wenye matangazo, waliokuwa na uwezo wa kufuta ni wajumbe wa kamati. Walikuwa na ukurasa wao wa kuondoa tangazo la ng'ombe aliyepatikana, na ukurasa ule haukuandika nani kafuta. Nani angedhani kungekuwa na haja?

"Wakiamini matangazo bado yanafutika ovyo," Nikolausi alisema, "huyo mtu atarudia."

Gaudensia aliurekebisha ukurasa wa kamati bila kumwambia mtu yeyote. Mjumbe akibonyeza kufuta, tangazo lingeondoka kwenye simu yake peke yake. Kwa watu wengine wote lingebaki. Na Gaudensia angepata ujumbe wa simu iliyofuta, kwa maana simu ya kila mjumbe aliisajili yeye. Kisha akawaandikia wajumbe kwamba matangazo yameanza kufutika tena, ovyo, na bado hajui chanzo. Alipotuma ujumbe ule alijiona kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Kwa muda mrefu kila mjumbe aliyempigia simu alimsikiliza kwa sikio lingine: huyu anacheka kwa nini? Yule anauliza kwa nini?

Kisha mtamba wa mzee Margwe akaibwa malishoni. Mary akaweka tangazo: mwekundu, paji jeupe, sikio la kushoto limepasuliwa. Kabla ya jua kuzama ujumbe uliingia kwenye simu ya Gaudensia. Tangazo limefutwa. Simu ya Bura.

Aliusoma mara nyingi. Alijaribu kumtetea: huenda simu imeazimwa, huenda mzee amekosea kubonyeza. Alikuwa amemshuku mtu bure mara moja, na hakutaka kurudia. Akampigia Nikolausi. "Twende mnadani tukaone kwa macho," alisema. "Nisiamini simu peke yake."

Kesho yake, siku ya mnada, walisimama nyuma ya banda la nyama choma pamoja na mzee Margwe na binti yake. Vumbi lilikuwa jingi, ng'ombe wakilia, madalali wakipaza sauti. Haukupita muda, wakamwona mzee Bura na mpwa wake, na kati yao mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Margwe alitaka kwenda. Nikolausi akamshika mkono.

Mnunuzi, mtu wa Singida, alimzunguka mtamba, akampapasa mgongo, kisha akatoa simu kama walivyozoea wanunuzi wote. Akaitazama, akautazama uso wa mtamba, akalishika sikio la kushoto.

"Mzee, huyu si ndiye huyu?"

"Yupi?" Bura alisema. "Hakuna tangazo."

"Lipo hapa. Paji jeupe, sikio limepasuliwa."

"Halipo!" Bura akachomoa simu yake mwenyewe, akaifungua, akawaonesha waliokuwa karibu. "Angalieni wenyewe. Jana lilishaondoka!"

Watu walifungua simu zao, mmoja baada ya mwingine. Wote waliliona tangazo la mtamba isipokuwa mzee Bura.

"Jana lilishaondoka," mnunuzi alirudia taratibu. "Wewe ulijuaje kwamba lilikuwepo?"

Bura aligeuka kando. Alimwona Gaudensia akija, na nyuma yake Nikolausi, akaishusha simu. Mzee Margwe hakumtazama kabisa. Alimwita mtamba wake kwa lugha ya nyumbani, na mtamba akageuza shingo, akaivuta kamba kutoka mkononi mwa mpwa. Askari wa mnada walifika, wakawachukua mzee na mpwa wake. Njiani mpwa akakiri kwamba hata maksai aliuzwa kwa njia ileile.

Kamati ilikutana tena ukumbini, bila mwenyekiti. Gaudensia alisimama mbele ya watu walewale, akaweka mezani laptop ya zamani, akaeleza kosa lake lote. Mjumbe mmoja alimwambia asijisumbue sana, mwizi keshapatikana.

"Mwizi ni mmoja," alisema. "Lakini mliomshuku Nikolausi bila ushahidi mlikuwa wengi, na wa kwanza ni mimi."

Wakamrudishia Nikolausi kazi. Alishukuru kwa ufupi, bila tabasamu. Wengine walipotoka, alivuta kiti akakaa karibu na laptop.

"Hilo faili lililokuwa linanifuta," alisema. "Nioneshe."

"Nimeshalirekebisha, Nikolausi. Nakuhakikishia."

"Sijasema hujalirekebisha. Nioneshe nilisome mwenyewe."

Gaudensia akalifungua, akamsogezea laptop. Nikolausi aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma, akiuliza maana ya kila neno asilolijua, na hakuuacha mstari hata mmoja kabla hajaridhika.