Mwendo wa Baba Mkwe

Veneranda aliujua mwendo wa baba mkwe wake kuliko alivyoijua sura yake. Sura hakupaswa kuitazama. Alipoolewa na Aroni na kuletwa Iyunga, Mbeya, kutoka kwao Mlandege, Iringa, shangazi wa mumewe alimkalisha akamweleza kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, ampishe. Hali naye, hasemi naye, jina lake halitamki. Watu wengi wa mjini walikwisha kuulegeza mwiko huo, hata kanisani wakwe walikaa benchi moja. Lakini Mzee Lutengano alikuwa mtu wa zamani, na Veneranda, binti wa Kihehe ambaye hakutaka kusemwa ugenini, aliushika kwa mikono miwili.

"Wewe sasa umekuwa Mnyakyusa kuliko wenyewe," mama yake, Rozalia, alimtania kwenye simu. "Mkwe wako akianguka uani utafanyaje?"

"Nitaita jirani, mama."

"Na jirani akiwa shambani?"

Wakacheka, wakahamia kwenye habari za mvua.

Mzee alipofiwa na mkewe alihamia chumba cha uani, nyumbani kwa Aroni. Veneranda alikuwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, ameiweka kwenye kibaraza cha jiko. Akisikia viatu vya mzee vinatoka chumbani, alisimamisha mashine, akaingia ndani na kungoja vipite. Mzee naye alikuwa na ustaarabu wake, akikaribia kona ya nyumba alikohoa. Chakula Veneranda alikiweka kwenye stuli nje ya mlango wa jiko, akagonga mfuniko wa sufuria, akaondoka. Akirudi alikuta sahani tupu, na pembeni yake mara nyingine parachichi ambalo mzee alilichuma mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kukosana.

Kisha mwendo ukabadilika, kidogo kidogo. Mzee alikuwa amefanya kazi reli, na hatua zake zilikuwa ndefu, za mtu aliyezoea kuruka mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Zikaanza kuwa fupi. Viatu vikakwaruza sementi kana kwamba nyayo zimegandishwa chini. Akifika konani alisimama kitambo, kama mtu anayetafuta namna ya kugeuka, ndipo avuke. Kikohozi kikawa kinachelewa, na siku nyingine hakikuja kabisa. Nguo alizotoa zifuliwe zilikuwa na harufu ya mkojo.

Aroni alitoka alfajiri kwenda kwenye duka lake la vipuri na kurudi jioni. Kila jioni alimkuta baba yake ameketi, akamwamkia, akajibiwa vizuri. Aliyesikia mwendo ni Veneranda peke yake, nyuma ya pazia la jiko. Alimweleza mama yake.

"Mwambie mumeo," Rozalia alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nashinda nasikiliza miguu ya baba yake?"

"Mwambie mzee anaburuza miguu."

"Ataniuliza nimeonaje."

"Haya, mwanangu. Labda ni uzee tu."

Veneranda akalichukua neno hilo, likamfaa, akaendelea kufuma.

Asubuhi moja ya Juni, baridi imebana, alikuwa jikoni anapika ndizi. Mlango ulifunguliwa bila kikohozi. Mzee Lutengano akaingia, akavuta stuli, akaketi karibu na moto, akamtazama usoni.

"Ndizi umetia chumvi?" aliuliza polepole, kama mtu ambaye amekuwa akikaa pale kila siku.

Veneranda aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akatokea mlango wa mbele mpaka kwa jirani. Aliporudi, ndizi zilikuwa zimeungua na mzee bado ameketi, anatazama moshi. Kesho yake akaja tena. Jirani akauliza kulikoni, na mpaka Jumapili habari zilikuwa zimefika kanisani.

Aroni akamwita dada yake, Ikupa, mwenye mgahawa kule Igawa, barabara kuu. Walizungumza sebuleni. Veneranda alikaa chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo.

"Baba ameishiwa na haya," Aroni alisema. "Mke wangu anakimbia jiko lake mwenyewe."

"Labda anataka kuoa," Ikupa alijibu. "Wazee wa reli hao."

"Usicheke, dada. Watu wanasema."

"Kwani nacheka? Basi nipe mimi nikae naye. Mtoto wa kike hamkimbii baba yake."

Hakuna aliyemuuliza Veneranda. Na yeye hakutoka. Macho yale aliyoyaona jikoni hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa macho ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alilijua hilo siku ile ile. Lakini alikuwa na aibu, na hasira kidogo, na ndani kabisa alifurahi kuona heshima yake inapiganiwa na watu wa ukoo mwingine. Akakaa kimya mpaka mzee akapakiwa kwenye gari la Igawa.

Wiki kadhaa baadaye, akifagia chumba cha uani, alikuta vidonge vya presha dirishani. Akajisemea kwamba huko Igawa watakuwa wamemnunulia vingine. Akavitia kwenye kopo na kulifunika.

Mwaka uliofuata mzee alianguka mgahawani kwa Ikupa, mbele ya wateja, na mkono mmoja ukalegea. Wakamleta Mbeya, akapigwa picha ya kichwa. Veneranda alikwenda hospitali na chupa ya chai, akaketi kwenye benchi la nje, kwa sababu chumbani alikuwa amelazwa baba mkwe. Mlango ulikuwa wazi.

"Hiki si kiharusi kimoja kikubwa," daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaeleza Aroni na Ikupa. "Ni ile mishipa midogo, myembamba kama uzi, iliyo ndani ya ubongo. Presha imeikakamaza kwa muda mrefu. Haya madoa meupe ni sehemu ambazo damu haikuwa inafika vizuri. Mgonjwa wa namna hii huwa mzito. Anaburuza miguu, mkojo haumngoji, anashindwa kupanga mambo. Hata adabu aliyoishika maisha yake yote inaweza kumponyoka, na asijue."

Aroni aliinamisha kichwa.

"Mwendo wake ulianza kubadilika lini?" daktari aliuliza.

"Kwangu alikuja tayari anaburuza," Ikupa alisema.

"Mimi kila siku nilimkuta ameketi," alisema Aroni.

"Na dawa za presha?"

"Dawa zipi?" Ikupa aliuliza.

Veneranda aliinuka. Kitanda cha mzee kilikuwa karibu na mlango, na kuvuka kizingiti kile kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Alivuka.

"Zipo nyumbani," alisema. "Zimo kwenye kopo."

Kisha akaeleza yote: viatu, kona, kikohozi, nguo. Akasema yalianza wakati wa masika, kabla ya Juni ile. Daktari aliandika. Aroni alimtazama mkewe bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Ulijua?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Ikupa ndiye aliyejibu, taratibu. "Hatukumuuliza, Aroni. Tulikaa sebuleni mimi na wewe, mimi nikafanya mzaha."

"Hayo madoa yatafutika, daktari?" Veneranda aliuliza.

"Hapana, mama. Yaliyopo yatabaki. Presha ikishuka, chumvi ikipungua, akitembea kila siku, mengine yatachelewa."

"Na tungekuja wakati ule?"

Daktari alifunga kalamu yake. "Tungekuwa tumeanza mapema," alisema.

Mzee akarudi Iyunga. Aroni alitaka kutafuta mtu wa kumhudumia, Veneranda akakataa. Mashine ya masweta aliihamishia uani, mbele ya mlango wa mzee. Sasa akisikia viatu vinakwaruza hakimbilii ndani, anainuka kumshika mkono.

Siku ambazo akili ya mzee imetawanyika, anaingia jikoni bila kukohoa na kuvuta stuli.

"Ndizi umetia chumvi?"

"Kidogo tu, baba. Daktari amekataza."

"Daktari gani huyo? Hajawahi kula ndizi."

Veneranda anacheka. Mzee anakula, anamsimulia habari za reli, za daraja lililosombwa na maji na usiku waliolala juu ya mabehewa ya mbolea. Anamwita mwanangu. Akimaliza anasema, "Ndaga," ahsante ya kwao, na kumrudishia sahani mkononi.

Lakini ziko siku akili inatulia. Anafika konani, anasimama, anakohoa. Akimwona Veneranda mbele yake na kikombe na vidonge, anageuza uso ukutani, mabega yameshuka kwa aibu, na kungoja apishwe. Hapo Veneranda huweka vidonge kwenye stuli ya nje, hugonga mfuniko, huingia ndani. Nyuma ya pazia husikiliza kama mzee amemeza.

"Mzee anaendeleaje leo?" Rozalia aliuliza kwenye simu asubuhi moja.

"Leo amekohoa, mama."

"Basi tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru," Veneranda alisema. Alikuwa amekwisha kupakua sahani mbili, yake na ya mzee. Akaitazama ile ya pili ikipoa kwenye meza ya jikoni, kisha akaichukua na kuipeleka nje, kwenye stuli.